Aliyetupenda Peke Yake Ndiye Tuliyemkataa

Mpendwa mshauri, naomba msaada wako kabla sijapoteza kazi au ndugu, maana naona kimojawapo kitaondoka, na kwa jinsi mambo yanavyokwenda huenda vyote viwili vikatoka kwa mlango mmoja.

Mimi ni mama wa makamo, nilimaliza sekondari nikaishia hapo, na kwa miaka mingi sasa ni karani wa udahili katika chuo kidogo cha ufundi. Napokea fomu za wanaotaka kusoma kwetu, nazipanga, nazipeleka kwa mkuu wa chuo, kisha nawaandikia waombaji majibu. Napenda utaratibu, na kila jioni huandika shajara, tarehe juu, mambo ya siku chini, kwa hiyo haya ninayokueleza sibahatishi.

Chuo chetu si kibaya, ila upande wa pili wa mji kuna chuo kikubwa ambacho watu wanakiita Chuo cha Lifti, kwa sababu jengo lake lina lifti, na hata waliokataliwa pale utawasikia wakisimulia kwamba siku ya kupeleka fomu waliipanda. Sisi tuna ngazi, na ngazi yenyewe ina kipandio kimoja kilichovunjika, ambacho wenyeji hukiruka bila kutazama na wageni hukifahamu kwa goti.

Sasa kila mwaka gazetini hutoka jedwali la vyuo, linaonyesha kila chuo kilichagua watu wangapi na kati yao wangapi waliripoti kweli, na hapo ndipo watu wanapopimia chuo kipi kinapendwa, kwa hoja kwamba ukimchagua mtu akaja basi anakupenda, na ukimchagua asije basi alikuwa na mwingine. Mwaka jana tulichagua watu mia mbili, hata nusu hawakufika, tukawa wa mwisho kwenye jedwali, na mkuu wetu alipokwenda kwenye mkutano wa wakuu wa vyuo mwenzake mmoja akamwambia, vikombe vya chai vikiwa mkononi, "Bwana, chuo chako ni benchi la kungojea. Watu wanakaa hapo mpaka Lifti iwaite." Wote wakacheka, na nadhani kile kicheko alirudi nacho nyumbani, akalala nacho, akaamka nacho, maana Jumatatu tarehe 4 aliniita ofisini hata sijavua sweta.

"Mama Karani, mwaka huu tutapendwa."

"Tutafanyaje, mkuu?"

"Tutawachagua wanaotupenda tu."

"Tutawajuaje?"

"Tutawauliza."

Tangu siku ile wafanyakazi wanamwita Bwana Asilimia, lakini si mbele yake.

Mshauri, nisikufiche, mimi ndiye niliyeutia mpango ule mwili. Yeye alikuwa na wazo tu, mimi nikaleta trei tatu. Trei ya kijani ilikuwa ya waombaji ambao tukiwapigia simu wanasema papo hapo "nitakuja". Ya njano ilikuwa ya wale wanaosema "ngoja nimuulize baba". Nyekundu ilikuwa ya wenye alama za juu, na hao hatukuwapigia kabisa, kwa sababu mkuu alisema mtu mwenye alama kama zile akileta fomu kwetu ni sawa na mtu aliyepiga hodi nyumba siyo. Na kwa kuwa ukoo wetu ni mkubwa na mji ni mdogo, nikapendekeza majina yote yafunikwe kwa karatasi, kila mtu awe namba, asije mtu akasema karani anawapenyeza ndugu zake. Mkuu alinisifu sana kwa hilo, nami niliona fahari, nikaiandika.

Simu zenyewe zilikuwa vituko. Nilimpigia mmoja, nikamwambia, "Mwombaji namba thelathini na moja, ukichaguliwa utakuja?"

"Kwani nimechaguliwa?"

"Hapana, nauliza tu, ukichaguliwa."

"Sasa mama, unaniposa au unanichungulia?"

Nilimweka njano.

Basi tukachagua kijani peke yake, na wiki iliyopita wakaja karibu wote. Mkuu alipiga hesabu mwenyewe, akairudia, akaita mchora mabango, na leo ukipita getini kwetu utaona maandishi makubwa mekundu, CHUO KINACHOPENDWA KULIKO VYOTE. Dirisha la wanaochelewa kuripoti litafungwa Ijumaa ya wiki ijayo, na baada ya hapo hesabu zinapelekwa kwa wachapaji wa jedwali, kwa hiyo mkuu anatembea kama mtu aliyebeba mayai kichwani, hataki mtu yeyote amguse.

Lakini tulipokuwa tunahesabu asilimia hatukuhesabu viti. Mwalimu wa majokofu, yule anayefundisha ufundi wa friji na mitambo ya baridi, alikuja dirishani kwangu ameshika bisibisi.

"Mama Karani, karakana yangu ina nafasi ishirini na watu kumi na mmoja, na kati ya hao watatu wanaogopa umeme. Nani kanichagulia hawa?"

"Mfumo, mwalimu."

"Basi umwambie mfumo aje ashike waya."

Nilicheka. Sikujua kwamba kicheko changu kilikuwa kinanisubiri mbele ya safari.

Mdogo wangu wa kiume ana binti mmoja, na mimi ni shangazi yake wa pekee. Mtoto huyu tangu akiwa mdogo hapiti mbele ya friji bila kuipigia goti aone nyuma yake kuna nini, na pale mtaani kwao wanamwita Fundi Baridi, na nje ya nyumba yao, chini ya dirisha la jikoni, kuna friji mbili za kale alizozipata zikiwa zimekufa, moja tayari inanguruma, nyingine alikuwa bado anaibembeleza. Shuleni akapata alama za kumfanya mtu avue miwani aisafishe kisha asome tena. Wote nyumbani tulijua ataomba chuo, lakini alituambia majina ya vyuo ni siri yake mpaka majibu yatoke, nasi tukadhani ni Lifti, tukamwacha.

Jumapili nilikwenda kwao kama kawaida yangu. Wifi yangu alinikaribisha, lakini kikombe cha chai alikiweka mezani kwa kishindo, na kwa wifi yangu kishindo ni sentensi. Mdogo wangu alikuwa amekaa amekunja mikono.

"Dada, hivi wewe pale chuoni unafanya kazi gani?"

"Si udahili?"

"Unamdahili nani?"

Kabla sijajibu wifi akapokea, "Yule aliyekuwa ananakili hesabu za mwanangu kapata nafasi pale kwenu. Aliyenakiliwa kakosa. Wifi, au alama zikizidi sana huwa zinamwagika?"

Mshauri, chai ilinipalia. Alikuwa anatania kwa uchungu, hakujua kwamba ameueleza mfumo wetu vizuri kuliko mkuu mwenyewe. Mdogo wangu akanisogezea barua, nikaisoma ingawa naijua kwa moyo, "tunasikitika kukujulisha kwamba kutokana na ushindani mkali", juu namba themanini na nane bila jina, kama barua zetu zote za mwaka huu, na chini saini yangu.

Hapo ndipo nilipojua kwamba mtoto aliomba chuo chetu. Tena aliomba chuo chetu peke yake. Wakati wa siku ya wageni mwalimu wa majokofu alimwachia afungue kompresa ya friji mpaka mikono ikawa myeusi, na Lifti walimwonyesha picha ya kompresa ndani ya kioo, basi akaamua. Alituficha kwa sababu hakutaka watu waseme shangazi kampenyeza. Na ile fomu naikumbuka. Jina lilikuwa limefunikwa, lakini namba themanini na nane naikumbuka, nilimwambia mkuu "huyu alama zake zinatisha", mkuu akasema "Lifti" bila kuinua macho, nami nikaitia kwenye nyekundu kwa mkono huu. Kwenye fomu kuna sehemu ya kuandika vyuo vingine ulivyoomba, na yake ilikuwa tupu. Nikajisemea, mwerevu lakini mzembe, hajamaliza kujaza. Kumbe alikuwa amemaliza. Katika waombaji wote wa mwaka huu, aliyetutaka sisi na asimtake mwingine alikuwa mmoja, naye tulimkataa ili ionekane tunapendwa.

Mtoto akatoka chumbani, macho yamevimba, akaniamkia kwa heshima kama kawaida, kisha akaniambia, "Shangazi, niambie tu nilikosea wapi, nirekebishe." Amekwisha kuazima vitabu. Anataka kurudia mtihani apate alama za juu zaidi. Mshauri, nifikirie mimi nimeshika kikombe, najua kwamba akizidisha alama mwakani trei yake itakuwa nyekundu iliyoiva. Na si hilo tu, amesema friji zilimpotezea muda wa kusoma, kwa hiyo amemwita mnunuzi wa vyuma chakavu aje Jumamosi asubuhi na mkokoteni azibebe zote mbili, hata ile inayonguruma.

Nikamwambia, "Nitafuatilia."

Mdogo wangu alinisindikiza mpaka nje, akaninong'oneza, "Dada, funguo za kabati si unazo wewe? Ingiza jina lake kimyakimya. Nani atajua?" Nikamwambia siwezi, mimi ndiye niliyefunika majina. Akasema, "Basi usije hapa mpaka uwe na jibu," na akafunga mlango taratibu, na ule utaratibu ndio ulioniuma, angeubamiza ningepata nafuu.

Juzi nikajaribu kwa mkuu, kwa mbali. Nikamuuliza, "Mkuu, na kama ndani ya trei nyekundu kuna mtu anatupenda kweli?" Akacheka, akasema, "Mama Karani, mwenye alama hizo akisema anatupenda anatudanganya. Tukimchagua mmoja tu asije, asilimia inashuka." Kisha akanipa habari njema, kwamba Alhamisi ijayo makarani wa vyuo vingine wanakuja kujifunza njia yetu, na mhadhiri wao ni mimi, na mada ameichagua yeye, "Jinsi ya Kupendwa".

Sasa mshauri, sijui nishike wapi. Nikimpenyeza mtoto nitakuwa nimevunja utaratibu wangu mwenyewe, na yeye mwenyewe hakutaka hivyo. Nikimweleza ukweli, siri ya ofisi imetoka na kazi yangu itafuata. Nikinyamaza, arudie mtihani, mwakani labda Bwana Asilimia atakuwa amepoa. Kila jioni nafungua shajara, naandika tarehe, kisha nakaa. Nisaidie.

Wako,
Karani wa Trei Tatu

MSHAURI ANAJIBU

Karani wa Trei Tatu, pole sana. Pole imekwisha, sasa tuzungumze.

Umeniandikia barua ndefu na nzuri. Nimeijua ngazi yenu, nimelijua bango lenu, nimemjua mpaka wifi yako, ambaye ningependa siku moja anipokelee kiti hiki, maana ana jicho. Lakini katika barua yote hiyo nimetafuta mahali ulipomwambia mtoto maneno mawili, "Hukukosea popote," na sikuyaona. Alikuuliza waziwazi amekosea wapi. Jibu ulikuwa nalo mdomoni, pamoja na chai. Ukamwambia "nitafuatilia". Mama, hilo ni jibu la dirishani. Yule hakuwa dirishani, alikuwa sebuleni kwao anakuamkia shikamoo na macho yamevimba.

Unasema ukimweleza umetoa siri ya ofisi. Siri gani? Kwamba chuo kilipanga kutowachagua wenye alama za juu kwa kuogopa kukataliwa? Hiyo si siri ya ofisi, hiyo ni aibu ya ofisi, na aibu haina muhuri. Wala sikutumi ukasimame sokoni na kipaza sauti. Nakutuma kwa mtu mmoja, kuhusu fomu moja, ambayo ni yake. Kile kilichoandikwa kuhusu yeye ana haki ya kukijua.

Sasa hili la kupendwa. Nina binamu yangu, fundi viatu, anajigamba kila harusi kwamba katika maisha yake hajawahi kukataliwa na mwanamke. Ni kweli tupu. Aliuliza mara moja tu, tena alimuuliza mwanamke ambaye alikuwa amekwisha kuhamishia masufuria yake kwake. Asilimia mia! Je, tumwite mpendwa wa mji? Mkuu wako ni binamu yangu mwenye ofisi. Jedwali lile lingekuwa na maana kama kila chuo kingewaita kwanza wanaostahili, kisha kikangoja kwa moyo wazi kuona nani atakuja. Ukianza kuwachagua watu kwa kuwa huna wasiwasi nao, namba haikuelezi tena unavyopendwa, inakueleza unavyoogopa. Mvua ikinyesha, kibanda cha barabarani hujaa mpaka pomoni, na kila aliyeingia ameingia kwa hiari yake. Hakuna anayesema kile kibanda kinapendwa.

Na nikuulize swali moja, wewe mtu wa tarehe. Fomu zilizoingia mwaka huu zilikuwa nyingi kuliko za mwaka jana, au chache? Hukuniambia. Umenihesabia walioingia, hukunihesabia waliobisha hodi. Nenda kaangalie. Nina wasiwasi kwamba habari za simu zenu za "ukichaguliwa utakuja" zimekwisha kuzunguka mtaani, na kwamba mwakani hata trei ya kijani itabaki na vumbi.

Sikiliza sasa la kufanya.

Kumpenyeza kimyakimya, hapana. Ndugu yako ana uchungu, namwelewa, lakini anakuomba uibe kwa ajili ya binti yake kitu ambacho binti ana uwezo wa kukipata mchana kweupe. Kufunika majina lilikuwa jambo jema, pengine ndilo jema peke yake lililotoka ofisini kwenu mwaka huu. Usilifunue kwa ajili ya wako tu. Mtoto mwenyewe aliwaficha ili asisemwe, na wewe ufanye asemwe?

Kunyamaza, hapana pia. Mwakani mkuu hatakuwa amepoa. Mwakani atakuwa na jedwali la gazeti ukutani, na wewe utakuwa umefundisha vyuo vingine, na kila binti mwenye akili katika mji mzima atakuwa anaandikiwa "ushindani mkali" na makarani uliowafunza wewe.

Nenda kwa mkuu, lakini usiende na mpwa wako. Nenda na viti. Mshike mkono mwalimu wa majokofu, na bisibisi yake aje nayo, mkae wote watatu, na mumweleze mkuu kwamba karakana ina nafasi tisa ambazo hazina mtu na dirisha la kuchelewa bado liko wazi. Muombeni ruhusa ya kufungua trei nyekundu upande wa majokofu, majina yakiwa bado yamefunikwa. Apige simu mwalimu, wewe kaa pembeni. Na asiulize "utakuja?" Amuulize kila mmoja kwa nini anataka kazi hii. Anayeitaka atasikika kwa sauti yake, hata kwa simu mbovu. Kabla hawajaanza, mwambie mkuu mbele ya mwalimu, "Miongoni mwa hawa yumo ndugu yangu, ndiyo maana mimi sitashika fomu hata moja." Ukilisema wewe kwanza, hakuna atakayelitumia kukupiga nalo baadaye. Na mtoto aandike mwenyewe barua ya kuomba wafikirie upya, kwa jina lake na kwa mkono wake. Ana mkono mzuri, umefungua kompresa.

Mkuu atasema asilimia itashuka. Huenda ikashuka kweli. Mjibu kwa upole, maana yule si mtu mbaya, ni mtu aliyechekwa mbele ya wenzake, na aliyechekwa hufanya mambo ya ajabu ili asichekwe tena. Mwambie kwamba akiwaita tisa wenye alama za kutisha wakaja wanne, anao wanne wa kumwonyesha yule mwenzake wa kikombe cha chai, wanne walioiona lifti wakaja kwenye ngazi. Waliokuja kwa sababu hawana pa kwenda hawezi kujivunia mahali popote. Na huku mnasubiri jibu lake, jamani, tengenezeni kile kipandio. Chuo cha ufundi hakina fundi?

Akikataa katakata, kataa nawe mhadhara wa Alhamisi. Huna haja ya kugombana naye. Mwambie tu huwezi kuwafundisha watu jinsi ya kupendwa kwa njia iliyomkataa mwombaji aliyewapenda ninyi na asiwe na mwingine. Siwezi kukuahidi kwamba hatanuna. Siwezi hata kukuahidi kwamba hatakuhamishia stoo. Lakini karani anayejua kila fomu iko wapi haokotwi njiani, na yeye analijua hilo kuliko anavyoonyesha. Na mtoto, hata mkuu akifunga mlango, atakuwa anajua kwamba kilichomkataa si akili zake, atavirudisha vitabu alivyoazima, atatafuta karakana nyingine bila kujishuku. Hivi sasa amekaa anasomea dawa ya ugonjwa asiokuwa nao.

Lakini yote hayo ni ya Jumatatu. Kabla ya Jumatatu kuna Jumamosi, na Jumamosi kuna mkokoteni. Bango na mhadhara na jedwali vinaweza kungoja. Friji inayonguruma ikishapondwa haingoji. Ndugu yako alikuambia usirudi mpaka uwe na jibu. Jibu unalo, ulikuwa nalo tangu Jumapili. Hakukukataza kuja, alikukataza kuja mikono mitupu.

Neno la mwisho, kwa sababu sisi wawili tunafanya kazi zinazofanana. Mhariri wangu aliwahi kunishauri nizijibu barua za watu wanaoonekana watasikia, ili wasomaji waone ushauri wangu unafuatwa. Ningemsikiliza, kila wiki ningekuwa namjibu mtu anayeuliza kama kunywa maji ni vizuri, na ningekuwa mshauri anayepata asilimia mia. Barua yako, Mama Karani, ilikuwa na dalili zote za mtu atakayesoma maneno haya, akayakubali, akayaandika kwenye shajara yake kwa tarehe na mwandiko mzuri, kisha akazima taa. Kwa mfumo wenu ningeitia trei nyekundu.

Nimekuchagua hivyo hivyo. Ripoti nyumbani kwa mdogo wako Jumamosi asubuhi, kabla ya mwenye mkokoteni.